Sarafu Rahisi

Mkusanyaji wa sarafu za kale hupenda iliyo rahisi. Sisi wa Mtama twajua habari za Kilwa Kisiwani, ambako masultani walipiga sarafu ndogo za shaba. Je, mtu akituletea moja aliyoifukua magofuni kwa siri, yafaa tuinunue? Hasha! Sheria ya mwaka 1964 yakataza kuchimba bila kibali. Tena, mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000. Kwa kuwa zilikutwa pamoja na dinari chache za dhahabu zenye mwaka, umri wake ulijulikana. Lakini sarafu iliyotengwa na wenzake ni shahidi aliyenyang'anywa ulimi. Basi tusiseme, "Ni moja tu." Pasipo mnunuzi, mwizi hachimbi.