Usukani Hauchaguliwi kwa Macho

Mwanangu, maneno haya nimewaambia wengi kabla yako. Waliitikia "ndiyo mzee", kisha wakaenda kununua kile walichokwisha kukipenda. Nimechoka, lakini sitanyamaza. Keti unisikilize.

Usukani wa gari lako umechakaa, ngozi imebanduka, nawe umeona mwingine kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, mdogo, mwekundu, unavutia. Kabla hujatoa hela, tazama katikati ya huo ulio nao. Ukikuta herufi SRS, jua humo ndani mna eabegi iliyokunjwa. Gari likigonga kwa mbele, mfuko ule hujaa upesi kuliko kupepesa jicho, ukapokea kichwa na kifua chako. Usukani mwekundu hauna kitu hicho. Utakuwa umelipa fedha ili uondoe kinga uliyokuwa nayo.

Tena ukiondoa eabegi, taa yake huwaka kwenye dashibodi. Atatokea fundi akwambie hilo ni jambo dogo, kwamba kuna kidude cha kufunga kwenye waya na taa itazima. Mkatalie, mwanangu. Taa ile inasema kweli, na wewe unataka kuifundisha uongo. Siku utakapoliuza gari, mnunuzi ataona taa imezima, ataendesha na watoto wake akiamini kuwa analindwa. Akipata ajali, utamwambia nini Mola wako?

Basi tafuta usukani wa gari lile lile, toleo lile lile. Usiridhike kwamba meno yameingia kwenye shafti. Meno ya Toyota nyingi hufanana, ila plagi na eabegi zake hutofautiana, na kompyuta ya gari hujua.

Ukinunua uliotumika, kumbuka rahisi yavunja upishi. Eabegi ikishalipuka haitumiki tena, lakini wapo wanaogundisha kifuniko na kukipaka rangi. Pitisha kidole kwenye mshono, geuza nyuma uone kama mfuko na plagi vimo. Uliza umetoka gari gani, la mwaka gani. Kampuni ya Takata ya Japani iliomba kinga ya kufilisika mwaka 2017, baada ya mamilioni ya eabegi zake kuitwa zirudishwe. Joto na unyevunyevu wa miaka mingi viliharibu kemikali ya kulipulia mfuko, na baadhi zilipofyatuka zilirusha vipande vya chuma. Joto na unyevunyevu ndiyo hali yetu huku pwani. Kwa hiyo chunguza kwa namba ya chesisi ya gari usukani ulikotoka kama liliwahi kuitwa lirudishwe.

Kama gari lako ni la zamani, lisilo na eabegi, una uhuru zaidi, lakini pima. Usukani mdogo huwa mzito kukata kona kama hakuna pawa stelingi, na huweza kuziba mita ya mwendo. Keti kama unavyoendesha, uone.

Siku ya kufunga, fundi anyooshe magurudumu, atoe waya hasi wa betri, asubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa eabegi, na aweke alama kwenye shafti. Nyuma ya usukani kuna utepe wa waya unaojikunja na kujikunjua unapokata kona. Ukifungwa bila kuwekwa katikati, utakatika, na honi na eabegi vitakufa pamoja. Nati ikazwe kwa kipimo cha kiwanda, si kwa nguvu za mkono.

Na kama hela haitoshi, hakuna aibu. Ikiwa chuma cha usukani wako ni kizima, mpelekee mshona ngozi auvike upya, eabegi ibaki mahali pake. Huo utakutunza kuliko mwekundu ule. Nenda sasa, na ukifika dukani, uliza haya yote kabla hujauliza bei.