Ondokeni Kwenye Picha!

Kila aliyepanda yale magari alitaka picha ile ile: tuta la mchanga, kivuli, anga, na mtu asiwepo. Tulijaza magari matatu.

Safari za siku moja za kwenda jangwa la Wahiba, nchini Oman, huondoka Muscat asubuhi, zikapita Ibra na kufika Bidiya baada ya kama kilomita 200 za lami. Hapo madereva huinama kupunguza upepo wa tairi zitanuke, zisizame mchangani. Unaingia jangwani adhuhuri, saa ambayo mpiga picha angeomba isiwepo. Jua la utosi halina kivuli, na tuta lisilo na kivuli ni bapa tu la rangi moja. Lakini chakula cha mchana kimeshapangwa, na ukiingia kwenye ratiba ya kundi, mwanga nao unaupata kwa zamu ya kundi. Kamera nayo hudanganywa na weupe ule ikautia mchanga giza, mpaka uiongezee mwanga mwenyewe. Na kwa vumbi lile, kubadilisha lenzi usithubutu.

Dereva wetu, mzee aliyekulia Unguja, alinisikia nikinung'unika kwa Kiswahili akacheka. "Ngoja alasiri, mwanangu. Mchanga huu hauendi pahala." Sikushangaa kukisikia Kiswahili kule. Upande huu wa nchi, uitwao Sharqiya, ndiko zilikotoka jamaa nyingi zilizohamia Zanzibar na mwambao karne ya 19. Baada ya Mapinduzi ya 1964, na hasa Sultan Qaboos aliposhika madaraka Oman mwaka 1970, wengi walirudi na lugha yao mdomoni.

Ila mchanga ule unakwenda, tena umetoka mbali. Sehemu yake ni vipande vya makombe ya baharini, vilivyopeperushwa zama za barafu, bahari iliposhuka na kuiacha sakafu yake wazi. Matuta makubwa, mengine yenye kimo cha mita 100 hivi, yamelala kutoka kusini kwenda kaskazini kwa sababu yalijengwa na upepo wa kusi, ule ule uliorudisha majahazi Arabuni kutoka kwetu. Watalii huja zaidi kati ya Novemba na Machi, joto likiwa limepungua na kusi likiwa halivumi. Tunapiga picha kazi ya fundi aliye likizo.

Jua lilipoinama, mzee akawa amesema kweli. Mgongo wa tuta uligawanyika, upande huu dhahabu, upande ule giza, na vijimikunjo vya upepo vikajichora mpaka chini. Hapo ndipo kelele zilipoanza. "Ondokeni kwenye picha!" alifoka kijana mmoja mwenye stendi ya kamera. Aliyetangulia kupanda alimharibia wa nyuma kwa nyayo zake, na huyo wa nyuma akamharibia mwenziwe. Mama mmoja alikwisha kaa chini, anafuta watu kwa programu ya simu.

Mimi naona tamaa hii ya jangwa tupu ina majivuno ndani yake. Wahiba ni jina la kabila la Mabedui, na hadi leo wapo wanaofuga ngamia na mbuzi humo. Huenda zile alama za tairi tulizozikwepa pichani ni za mtu aliyekwenda dukani. Ukizifuta unajidai umefika pasipofikwa na mtu, ilhali umekalia kiti cha kulipia na umeshapakuliwa wali.

Halafu, kwa ufundi tu, mchanga mtupu hauna kipimo. Pichani, tuta la mita 80 na kichuguu walichorundika watoto ufukweni havitofautiani. Weka mtu mgongoni mwa tuta, viatu mkononi, na mara moja jicho linajua linatazama nini. Basi nikawapiga wapandaji: wauguzi wawili kutoka Ufilipino walioshikana mikono, wanapanda hatua mbili wanateleza moja, baba mmoja anayemsukuma mwanawe kwa bega, na yule kijana wa stendi, magoti chini, amenuna.

Kesho yake picha zikamiminika kwenye kundi letu la WhatsApp. Zile zisizo na watu zilifanana mno, hata wenyewe wakawa wanaulizana ipi ya nani. Zilizogombaniwa ni za wapandaji. Kijana wa stendi aliniandikia kando akiomba yake, akaniuliza kama ninayo nyingine ambayo hakununa.