Fidia ya nyumba iliyochelewa si riba

Nimeulizwa darsani: Muislamu kanunua fleti Kariakoo ingali ramani, kaahidiwa funguo baada ya miezi 18, sasa ni mwaka wa tatu na bado anapanga. Je, akidai fidia amekula riba?

Nasema hapana. Huu ni mkataba wa istisnaa. Mjenzi anadaiwa kazi, si fedha. Baraza la Fiqhi la Kimataifa la OIC, Jeddah 1992, liliruhusu pande mbili kuafikiana fidia ya ucheleweshaji, isipokuwa kwa dharura isiyozuilika. Nyongeza juu ya deni la fedha ndiyo riba.

Subira (ambayo masheikh wetu humhubiria aliyedhulumiwa tu!) haifuti ahadi. Na kama mkataba haukutaja fidia? Kodi anayolipa ni hasara halisi. Sioni kwa nini aibebe yeye.