Kabla ya Kuhesabu Mizani

Mpe mwanafunzi wa kidato cha tatu shairi, iwe ni Runyenjes au Nkubu, kisha umtazame. Hatalisoma kwa sauti. Atashika penseli na kuanza kukata silabi kwa vijistari: nane upande wa ukwapi, nane upande wa utao. Akimaliza atazungushia vina vya kati na vya mwisho, atahesabu mishororo, ataandika "tarbia", kisha atasaka mahali mshairi alipofupisha neno ili aandike "inkisari". Hapo ana alama kadhaa mkononi. Shairi lenyewe linasema nini? Hilo litasubiri hadi aambiwe aandike ubeti wa tatu kwa lugha tutumbi.

Simlaumu mtoto. Ndivyo anavyotahiniwa, na ndivyo sisi walimu tunavyomwandaa. Wala siibezi mizani. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi huku mashariki mwa Mlima Kenya, na hadi leo shairi lililopangika vizuri hunisisimua. Ninachokikataa ni mazoea ya kuingia katika kila shairi kwa mlango mmoja. Liko swali linalopaswa kuitangulia penseli: shairi hili lilitungiwa masikio ya nani?

Swali hilo nilifunzwa Mbeere, upande wa Ishiara, katika uwanja wa boma moja ambako mtama ulikuwa umeanikwa juu ya turubai. Nilikuwa nimemwomba mama mmoja mkongwe aniimbie kirarire, zile nyimbo za kujibizana ambazo vijana wa rika lake waliziimba nyakati za tohara. Alianza vizuri, akafika mbali kidogo, akanyamaza. Akaanza tena, akakwama palepale. Nikadhani ni uzee. Akanitazama akasema, "Mwalimu, nikiimba peke yangu sikumbuki. Nipe mtu wa kunijibu."

Mjukuu wake alikuwa ameketi juu ya jerikeni, macho kwenye simu. Bibi akamwita, akamfundisha kiitikio kifupi tu, maneno machache. Kisha akaanza upya, na safari hii wimbo ukatiririka. Kila alipomaliza fungu la maneno, kiganja chake kilipiga paja, na msichana akadakia. Alipochelewa, bibi hakukatiza. Aliivuta silabi ya mwisho, akaishikilia hewani mpaka mjukuu akaipokea. Katikati ya wimbo akalichomeka jina la msichana mwenyewe, kisha la jirani aliyekopa ndengu na hajarudisha. Waliokuwa wakipepeta mtama wakaacha kazi, wakacheka, wakaingia kwenye kiitikio.

Sasa mpe mwanafunzi wetu wimbo ule auchambue. Mishororo haikulingana urefu. Hakukuwa na vina vya kati wala vya mwisho. Angeandika kwamba hauna muundo, na angekosea, kwa sababu sheria ilikuwepo na ilikuwa kali: mwimbaji hawezi kusonga mbele kabla mwenzake hajampokea. Bila mjibuji, hata kumbukumbu inagoma. Utungo ule umeumbwa kwa watu wawili, na ukimpa mtu mmoja karatasi aupime kimyakimya, umeshaugawa nusu.

Wasomi wetu hawakulala kuhusu jambo hili. H. S. K. Mwaniki alizunguka kwa wazee wa Embu na Mbeere akakusanya masimulizi yao, na mkusanyiko huo ukachapishwa mwaka 1974. Ciarunji Chesaina naye akatoa mwaka 1997 kitabu kizima juu ya fasihi simulizi ya Waembu na Wambeere. Kazi hizo zimo maktabani. Darasani hazifiki, au zikifika huwekwa chini ya kichwa "nyimbo", sura mbali na kichwa "ushairi", na mtoto anaondoka akiamini kwamba washairi walikuwa watu wa Pwani na nyanya yake aliimba tu.

Ukivuka mto Thuci ukaingia Chuka, mambo yanabadilika tena. Ngoma za Chuka zinajulikana nchi nzima kwa sababu zimetumbuizwa katika sherehe nyingi za kitaifa. Mpigaji huibana ngoma ndefu katikati ya mapaja, akainama nayo, akainuka nayo. Hapo maneno ni machache, na ngozi ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kauli. Masikio yaliyokusudiwa ni ya umati mzima uliosimama uwanjani, hata wale walio mbali kabisa ambao wasingesikia ubeti mmoja wa mtu anayekariri. Maneno mengi yangepotea bure.

Nikirudi Pwani na swali hilohilo, mashairi niliyozoea kuyapima kwa vidole yananiangalia kwa uso mwingine. Mwaka 1858 Mwana Kupona alimtungia bintiye utenzi wa mawaidha, yeye mwenyewe akiwa mgonjwa. Mishororo ya utenzi ni mifupi, ya mizani nane, na kina cha mwisho hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Fikiria mama anayejua kwamba siku zake zinahesabika, na binti ambaye atahitaji kuyakumbuka maneno hayo mamaye akiwa hayupo. Umbo lile ni la kukaririka. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alikuwa na kazi tofauti kabisa. Alikuwa akipambana kwa maneno na washairi wa Lamu wakati Mombasa na Lamu zina uhasama wa kivita. Shairi la mishororo minne linatosha kurusha hoja na kuifunga kwa nguvu kabla adui hajapumua, na adui naye alikuwa akisubiri zamu yake ajibu. Yule bibi wa Ishiara angemwelewa Muyaka mara moja.

Tuna ushahidi ulio karibu zaidi, na unatokana na magereza yetu. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu kwa sababu ya kijikaratasi alichokiita "Kenya: Twendapi?" cha mwaka 1968. Akiwa kizuizini alitunga mashairi kwa siri, akiyaandika kwenye karatasi za msalani, na mwaka 1973 yakatoka kwa jina Sauti ya Dhiki. Karibu yote yanafuata arudhi. Alamin Mazrui alitiwa kizuizini mwaka 1982 kwa amri ya serikali iliyofuata, na diwani yake Chembe cha Moyo ya mwaka 1988 ina mashairi mengi yaliyoachana na vina na mizani. Wote wawili ni wana wa Mombasa, wote walionja kifungo cha kisiasa, na bado kila mmoja alishika njia yake. Kuhusu Abdilatif, mimi nakisia tu kwamba mtu aliyenyimwa karatasi na msikilizaji anahitaji shairi linaloweza kuhifadhika kichwani, na vina ni walinzi hodari wa kumbukumbu. Ninachoweza kuapia ni kwamba ule ugomvi wa miaka ya sabini kati ya watetezi wa vina na mizani na wapinzani wao, wa nani ni mshairi na nani si mshairi, haukuyatendea haki mashairi yenyewe. Amri Abedi alikuwa ameandika sheria za kutunga mwaka 1954. Euphrase Kezilahabi akaja na Kichomi mwaka 1974 akazivunja makusudi. Vitabu vyote viwili ninavyo rafuni, na sijaona kimoja kikimdhuru mwenzake.

Hapo ndipo ninapomfikia mshairi wetu wa nyumbani. Kithaka wa Mberia ni mzaliwa wa Tharaka, kule chini kwenye joto la kuelekea mto Tana, nchi ya mtama, ndengu na mizinga ya nyuki. Akawa profesa wa isimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi wengi wamemjua kupitia tamthilia yake Kifo Kisimani, iliyowahi kutahiniwa katika shule za sekondari, ambamo maji ya kunywa yamegeuzwa kuwa silaha ya mtawala. Anayetoka Tharaka haelezwi mara mbili maana ya kisima.

Lakini kabla ya mwandishi wa tamthilia, Kithaka ni mshairi. Mchezo wa Karata ilitoka mwaka 1997, mwaka ambao Kenya ilikuwa ikipigania mageuzi ya katiba kabla ya uchaguzi wa Desemba. Baadaye zikaja Bara Jingine na Redio na Mwezi. Fungua ukurasa wowote uone: mshororo mmoja una neno moja tu, unaofuata umesogezwa kulia, mwingine umeshuka ngazi, mahali fulani pameachwa weupe mtupu. Mwanafunzi akiona hivyo anashika kichwa. Penseli yake haina pa kuanzia.

Uliza swali letu. Shairi hili limetungiwa nani? Limetungiwa msomaji mmoja, aliyeketi na kitabu, pengine usiku, mwenye jicho linaloweza kusimama pale mshairi anapotaka lisimame. Ule weupe kwenye ukurasa unafanya kazi ileile iliyofanywa na kiganja juu ya paja kule Ishiara: unaamua ni wapi pumzi ikatwe. Linalosemwa ni siasa chafu, njaa, ahadi za viongozi, mambo ambayo msomaji huyo huenda alikuwa akiogopa kuyasema mbele ya watu. Analisoma peke yake, kisha anabaki nalo.

Nasi darasani tumelifanyia nini shairi la aina hiyo? Tumelifafanua kwa orodha ya vitu lisivyokuwa navyo. Halina vina. Halina mizani. Halina idadi maalumu ya mishororo katika ubeti. Mtoto anakariri upungufu huo na kuuandika kwenye mtihani, na anapata alama. Hakuna anayemwuliza kwa nini neno kama "maji" limekaa peke yake katikati ya ukurasa. Ningekuwa mtahini, hilo ndilo ningeliuliza, na ningelipa alama nyingi kuliko jina la bahari ya shairi.

Wala Pwani na huku kwetu si dunia mbili. Masimulizi ya Wameru yanasema kwamba wazee wao walitoka kisiwa kiitwacho Mbwaa, walikotumikishwa na watu wa nguo nyekundu, Nguo Ntuni, wakatoroka wakavuka maji. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman alikitafuta kisiwa hicho na kukihusisha na Manda, kinachotazamana na Lamu. Wengine watabishana naye, na wabishane. Mimi hulipenda wazo hilo kwa sababu moja: masimulizi yetu wenyewe yanatukumbusha kwamba bahari si ngeni kwetu. Mtoto wa Tigania anaweza kumsoma Muyaka kama mtu anayemhusu, na mtoto wa Lamu ana haki ya kuisikia kirarire kama ushairi kamili, bila kibali cha mtu.

Mazoea haya ya darasani yananigusa kwa sababu naona yanavyowafanya watoto wetu wawatazame wazee wao. Msichana wa jerikeni amesoma kidato cha nne. Anajua tathlitha, takhmisa, sakarani na mavue. Jioni ile ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumjibu bibi yake katika wimbo, ilhali wameishi boma moja tangu azaliwe. Shule haikumkataza. Ila haikumwambia kamwe kwamba aliye nyumbani ni malenga.

Hata mashairi ya Muyaka tunayotahini leo yalikuwa hatarini kupotea. Yamesalia kwa sababu, miaka mingi baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliwaendea watu waliokuwa bado wanayakumbuka, akayaandika, na Mwingereza W. E. Taylor akayahifadhi. Diwani ya Muyaka ilichapishwa mwaka 1940, miaka 100 tangu mshairi afariki. Kazi ya Sikujua ilihitaji kalamu, subira na heshima kwa wazee. Leo karibu kila boma lina simu inayonasa sauti.

Kwa hiyo naomba, walimu wenzangu wa Embu, Mbeere, Chuka, Tharaka na Meru. Likizo ya Agosti msiwape wanafunzi zoezi jingine la kuhesabu mizani. Mpeni kila mmoja kazi ya kunasa utungo mmoja kutoka kwa mzee wa kwao, kwa ruhusa yake, na aandike jina la mwimbaji, mahali, shughuli ulimoimbwa, na nani alipaswa kuujibu. Shule zikifunguliwa, usikilizwe darasani siku moja na shairi la Muyaka na la Kithaka wa Mberia, na yote matatu yaulizwe swali moja. Nanyi wazazi, mtoto akija na simu akaomba wimbo, msimwambie hayo ni mambo ya zamani. Mketisheni karibu na nyanya yake, na mumwambie ajibu.