Kutega Sikio

Mara ya kwanza kusikia Close to the Edge ya kundi la Yes, sikufika mwisho. Tulikuwa sebuleni kwa jamaa yangu aliyerudi kutoka Uingereza na santuri zake, naye alikuwa amekaa karibu na spika, macho ameyafumba. Zilianza sauti za ndege na maji, zikaendelea karibu dakika nzima. Kisha gitaa likaruka, besi ikarukia upande mwingine, ngoma zikashika njia yake, nami nikawa natafuta mahali pa kuweka mguu nisipaone. Baada ya dakika nne hivi nikaaga. "Subiri kidogo, bwana, bado haijafika," aliniambia. Nikamjibu kwamba kila mtu na akipendacho.

Jibu hilo nililitoa kwa adabu, na kwa miaka mingi niliamini kuwa limetosha. Wazee wetu walisema kipenda roho hula nyama mbichi, na usemi huo hufunga mjadala wowote. Nani atabishana na roho ya mtu? Lakini nikiukumbuka usiku ule, naona kwamba roho yangu haikuwa imekataa kitu. Haikuwa hata imefikiwa. Kilichokataa ni mazoea, nami nikayavika jina la ladha.

Muziki wenyewe ni ule ulioibuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960 ukaitwa roki ya progresivu, yaani roki inayotaka kusonga mbele. Mwaka 1969 King Crimson walitoa In the Court of the Crimson King, na miaka michache iliyofuata vijana wa magitaa na vinanda wakaanza kutunga vitu virefu kama tenzi. Mwaka 1972 peke yake uliwapa wasikilizaji Supper's Ready ya Genesis, karibu dakika 23; Thick as a Brick ya Jethro Tull, wimbo mmoja uliojaza pande zote mbili za santuri kwa zaidi ya dakika 40; na hiyo Close to the Edge, zaidi ya dakika 18. Mapigo yao yalikataa kuhesabika kwa nne. Hata Money ya Pink Floyd, ya mwaka 1973, ambayo imepigwa redioni dunia nzima, inakwenda kwa mapigo saba. Jaribu kuipigia makofi uone mikono inavyopotea.

Urefu si jambo la kumtisha msikilizaji aliyelelewa na dansi la Kongo na taarabu. Mario ya Franco na TPOK Jazz inapita dakika 10 na hakuna aliyewahi kuniomba niikatishe. Tatizo langu lilikuwa jingine. Wimbo mrefu wa dansi humpeleka mtu ndani zaidi ya mwendo mmoja: maneno yakiisha, magitaa yanashikana, mwili unatulia katika kile unachokijua, na kila mzunguko unaongeza utamu kidogo. Yes hawakuruhusu mwili utulie. Kila nilipoanza kuuzoea mwendo, walinihamisha. Nilikuwa nikiwadai walichonipa Franco na wenzake, na kwa kuwa hawakunipa, nikasema hawana kitu.

Lugha yetu ina hekima katika jambo hili. Kwa Kiswahili ladha iko kwenye kitu: mchuzi una ladha, wimbo hauna ladha. Wanafalsafa wa Ulaya waliposema ladha, walimaanisha uwezo ulio ndani ya mtu, kipaji cha kutambua kizuri na kibaya. Sisi tunaiacha ladha sufuriani, na kwa mtu tunabakisha kitendo kimoja tu, kuonja. Na kitenzi chetu cha sikio ndicho hichohicho cha ulimi, pua na ngozi: nasikia wimbo, nasikia harufu, nasikia baridi, nasikia utamu. Aliyeziunganisha hisia hizi zote katika neno moja alikuwa anatuambia kwamba kusikia ni kufikiwa na kitu kilichoko nje yako. Ladha ikiwa kwenye kitu, mtu anaweza kukosea kuhusu ladha. Anaweza kuonja kabla chakula hakijaiva, au kuonja huku mdomo bado umejaa chakula kingine. Mimi nilionja Yes mdomo ukiwa umejaa Franco.

Tena tuna kutega sikio. Neno ni lile la mtego. Mwindaji anachagua mahali, anachagua saa, anakaa kimya, hachagui atakayekuja. Na watoto wakiambiwa "Kitendawili!" hujibu "Tega!", maana yake: niko tayari kushindwa, lete. Sijaona maelezo bora ya uwazi wa mawazo kuliko hayo. Hauhusiani na kupenda kila kitu. Ni kukubali kwa muda kwamba kinachokuja kinaweza kuwa na akili kuliko matarajio yako.

Mwaka 1757 David Hume, Mskoti, aliandika insha juu ya kipimo cha ladha, na ndani yake akarudia kisa kutoka riwaya ya Don Quixote ya Cervantes. Jamaa wawili wa Sancho, mtumishi wa Don Quixote, waliitwa kuonja divai ya pipa moja. Wa kwanza akasema ni nzuri, ila ina kasoro ndogo ya ladha ya ngozi. Wa pili akasema ni nzuri, ila ina ladha ya chuma. Watu wakawacheka wote wawili. Pipa lilipomwagwa hadi chini, ukakutwa ufunguo wa zamani uliofungwa ugwe wa ngozi. Kisa hiki ninakipenda kwa sababu kinathubutu kusema kwamba katika mambo ya ladha kuna kupata na kukosa. Hume huyohuyo anakiri, kurasa chache mbele, kwamba mwandishi tumpendaye tunamchagua kama tunavyochagua rafiki, kwa kulingana tabia, na kwamba anayemfaa kijana wa miaka 20 siye atakayemfaa mtu wa 50. Wasomaji wengi wanaona kwamba hapo anajipinga. Mimi naona ametenganisha mambo mawili yaliyo mbali: kilichomo ndani ya pipa, na nani ninayetaka kukaa naye jioni.

Niliirudia Close to the Edge miaka mingi baadaye, peke yangu, usiku, vipokea sauti masikioni. Sikuwa na nia njema yoyote. Nilitaka kujua tu jamaa yangu alikuwa amefumba macho kwa nini. Nilipofika katikati, zogo lote lilikoma. Zikabaki sauti za watu zikiitikiana polepole, kama katika bonde, kisha kinanda kikubwa cha kanisa kikapanda juu yake. Kinanda hicho Rick Wakeman, mpiga vinanda wa Yes, alikipiga katika kanisa la St Giles-without-Cripplegate jijini London. Ndipo nikaelewa kwamba zogo la mwanzo liliwekwa pale makusudi. Bila dakika zile za kukosa pa kuweka mguu, utulivu huu ungekuwa tu wimbo wa polepole. Mwishoni ndege na maji vinarudi, sauti zilezile za mwanzo, lakini msikilizaji amepita mahali. Baadaye nilijua kwamba mwimbaji Jon Anderson alichota mengi kutoka Siddhartha ya Hermann Hesse, riwaya ya mwaka 1922, ambamo mtu anakaa kando ya mto na mvushaji mzee anamfundisha kuusikiliza. Nilikuwa nimetoka sebuleni katikati ya somo la kusikiliza.

Hapa kuna pingamizi zito. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba watu huanza kukipenda kitu kwa kukiona mara nyingi tu, hata kama ni alama zisizo na maana kwao. Pengine basi sikujifunza chochote. Nimezoea tu, kama mtu anavyozoea kelele za jirani hadi zikikoma akakosa usingizi. Na yule mpenzi wa progresivu anayesema "isikilize mara kumi utaipenda" pengine hakualiki kwenye uwazi wa mawazo. Anakuomba umruhusu akuzoeze.

Jibu langu linatoka kwenye lile pipa. Aliyezoea tu anaweza kusema anajisikia vizuri zaidi, basi. Aliyejifunza anaweza kuonyesha ufunguo. Naweza kukaa na mtu asiyeipenda Close to the Edge nikamwambia: subiri hapa, sauti hii ndiyo ile ya mwanzo, imerudi imepungua kasi; sasa sikia besi imeacha kukimbia. Atayasikia hayo hata akiendelea kuichukia. Mazoea hayana cha kumwonyesha mtu mwingine.

Lakini ladha hutumika pia kama beji. Mwaka 1975 kijana wa London, John Lydon, alikuwa akitembea amevaa fulana ya Pink Floyd ambayo ameandika juu yake kwamba anawachukia. Muda si mrefu akawa sauti ya Sex Pistols, na fulana ile ikawa kama hukumu ya kizazi kizima juu ya progresivu: muziki wa wenye pesa, mrefu, wenye majivuno. Hasira ile ilikuwa na msingi. Genesis walianza wakiwa wanafunzi wa Charterhouse, shule ya watoto wa matajiri, wakati Lydon ni mtoto wa wahamiaji maskini wa Kiayalandi. Mfaransa Pierre Bourdieu aliandika kitabu kizima mwaka 1979 kuonyesha jinsi tunavyotumia tunachokipenda kujitenga na tabaka fulani la watu, na fulana ile ingeweza kuwa picha ya jalada lake.

Ila Julai 1977 Lydon alialikwa Capital Radio ya London apige santuri zake mwenyewe. Akapiga rege ya Jamaika, akapiga Can wa Ujerumani, na akapiga nyimbo mbili za Peter Hammill, kiongozi wa Van der Graaf Generator, mojawapo ya makundi mazito kabisa ya progresivu. Baadaye alisema wazi kwamba hakuwahi kuwachukia Pink Floyd kwa dhati. Wafuasi wake wengi walichukua fulana wakaiacha rafu ya santuri. Walirithi chuki ambayo mwenyewe hakuwa nayo, na huo ndio uzito wa jambo hili kwangu: kuna watu wamekaa miaka 40 bila kusikia kitu ambacho pengine kingewafariji, kwa sababu tu ya maandishi kifuani mwa mtu mwingine.

Na wapenzi wa progresivu wasijione salama. Nimekutana na wengi wanaojiita wenye masikio mapana, lakini ukiwawekea wimbo wa dakika tatu wanatazama saa kwa dharau. King Crimson walipovunjika mwaka 1974 kisha wakarudi mwaka 1981 na Discipline, magitaa mawili yakisukana kama ukili, kwa namna iliyofuata muziki wa gamelan wa Indonesia, walikuwa wanafanya hasa kile ambacho jina la progresivu linadai. Bado wapo wanaoihukumu albamu hiyo kwa kukosa vinanda vya 1969. Wanataka kusonga mbele kuwe ni kurudia mahali pale pale. Hao nao wanakula nyama mbichi, na wahesabiwe hivyo.

Je, sikio lililotegwa lazima linase? Hapana. Desemba 1973 Yes walitoa Tales from Topographic Oceans, vipande vinne katika pande nne za santuri mbili, dakika 80 hivi. Nimeisikiliza yote mara nne, kila mara nimekaa, sikuwa nikipika wala kuendesha gari. Upande wa nne una dakika nzuri mno. Kwingineko naona wazo la dakika sita limenyooshwa hadi ishirini, na naweza kuonyesha linakonyooshewa. Wakeman mwenyewe hakuipenda, na aliliacha kundi mwaka 1974. Wapo ninaowaheshimu wanaoiona kuwa kilele cha kazi ya Yes. Nimewasikiliza hao pia, na bado nasema hapana. Muziki unaweza kunidai usikivu, na deni hilo nitalilipa. Upendo haudaiki, kwa wimbo kama kwa mtu, na anayedai kwamba mwenye mawazo wazi hana budi kupenda, huyo hajaniachia nafasi ya kusikia kitu kweli.

Najua pia kwamba muda ni mfupi na kazi zinatuchosha. Hakuna awezaye kulipa deni la usikivu kwa kila santuri duniani. Lakini tuwe wakweli tunapokataa. Kuna tofauti kati ya "sikuipenda" na "sikuisikia", na ya pili si aibu. Mitandao ya muziki leo, kama Spotify, huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa ukipita sekunde 30. Katika Close to the Edge, sekunde ya 30 gitaa bado halijaingia.

Jamaa yangu yule bado anayo santuri ile. Wewe usiye nayo utaipata kwenye simu. Tafuta usiku ambao nyumba imelala, zima taarifa za ujumbe, kaa. Usiguse kitu hadi ndege warudi. Ukiichukia, njoo tuzungumze. Nataka kujua ulisikia nini.