Kuficha Karata na Kusema Uongo

Wasomaji wetu wengi wanazijua karata za turufu. Katika nchi ya Wabaski, iliyo mpakani mwa Hispania na Ufaransa, watu wana mchezo wao usio na turufu kabisa, uitwao Mus. Ni mchezo wa zamani: Padre Manuel de Larramendi, Mjesuiti, aliutaja katika kamusi yake ya lugha tatu iliyotoka mwaka 1745. Twaueleza hapa kwa sababu sheria zake zagusa swali ambalo waalimu wa maadili wamelijadili kwa karne nyingi: je, kumficha mtu ukweli ni sawa na kumwambia uongo?

Wachezaji ni wanne, wawili wawili, na kila mmoja hupewa karata nne. Hushindana mara nne kwa karata zile zile: kwanza nani ana kubwa, pili nani ana ndogo, tatu nani ana jozi, nne nani ametimiza hesabu ya 31 au zaidi. Kila mara huwekwa dau, na mwenye karata duni aweza kuweka dau kubwa ili wapinzani waogope na kujitoa. Aweza hata kutamka "hordago", neno la Kibaski lenye maana ya "hiyo hapo", yaani mchezo mzima umewekwa juu ya karata zile nne. Wapinzani wakikubali, karata hufunuliwa papo hapo na mambo yamekwisha.

Walakini, kabla ya dau la jozi kila mmoja huulizwa kwa zamu: unazo au huna? Hapo hana budi kusema kweli. Ndivyo ilivyo pia kwa hesabu ya 31. Tena wenzi wa upande mmoja wana ruhusa ya kupeana ishara za uso: kuuma mdomo wa chini ni wafalme wawili, kutoa ncha ya ulimi ni ree mbili. Wapinzani wakiigundua ishara, wana haki ya kuitumia. Lakini kutoa ishara ya uongo ni marufuku. Hilo latushangaza katika mchezo ambao nusu ya ustadi wake ni kutisha watu!

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipouliza kama ni halali kuvizia vitani, alitenga mambo mawili. Kumwambia adui uongo, au kuvunja ahadi uliyompa, ni haramu siku zote. Kutomfunulia nia yako si kosa. Pengine mtu atapinga: yule atamkaye hordago naye mkononi hana kitu, je, hataki wengine waamini jambo lisilo kweli? Anataka, ndiyo. Lakini dau si kauli juu ya karata. Ni ahadi ya kulipa, na akishindwa atalipa. Wote wanne walipoketi walijua kwamba nyuma ya dau huenda hamna kitu, na kila mmoja alikubali kufanyiwa hivyo kama naye atakavyowafanyia wenzake.

Kwa maoni yetu, basi, mezani pale hakuna uongo. Shida yaanza mtu anapoinuka. Mara nyingi dau la Mus ni kahawa tu au divai, lakini fedha nazo huwekwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yafundisha kwamba michezo ya bahati si kinyume cha haki kwa asili yake, ila haikubaliki inapomnyima mtu mahitaji yake na ya wengine. Baba aliyepoteza karo ya watoto, iwe kwa karata, iwe kwa kubahatisha matokeo ya mpira katika simu, hurudi nyumbani akanyamaza. Akigunduliwa hujitetea: "Sikusema uongo; sikuulizwa." Amechukua sheria ya mezani akaileta nyumbani. Lakini mkewe hakuketi kwenye meza ile, wala hakukubali kufichwa, na fedha ile ilikuwa yake pia.

Hata kwa sheria za Mus zenyewe baba huyo amekosa. Mke si mpinzani wa kutishwa. Ndiye mwenzi wa upande mmoja. Ile sura ya utulivu anayoingia nayo mlangoni, akiomba chakula kana kwamba karo i salama kabatini, ni ishara, na ni ishara ya uongo. Wengine husema wangoja kwanza kuirudisha fedha iliyopotea, ndipo waungame kwa mke. Hilo ni dau jingine, tena ni hordago, nalo limewekwa kwa jina la mtu asiyejua kwamba anacheza. Mke akiuliza jioni ile, "Karo ipo au haipo?", swali lake ni lile lile la jozi, ambalo hujibiwa kabla dau halijawekwa.