Kupumzika Wakati wa Mavuno

Soma Kutoka 34:21 na 1 Wafalme 19:4–8. Kwa nini Mungu, alipoagiza pumziko, alitaja hasa majira ya kulima na ya kuvuna?

Mkulima wa Naipingo huielewa amri hii upesi. Korosho zikishaanza kuanguka, siku moja ya kutookota ni hasara inayoonekana kwa macho. Israeli hawakuruhusiwa kuahirisha Sabato hadi kazi ipungue. Waliamriwa kupumzika katika majuma yale yale ambayo kupumzika kulifanana na uzembe.

Mavuno ya mwanafunzi wa kidato cha nne ni Novemba, mwezi wa mtihani wa taifa, ambao huko Nachingwea na Ruangwa huangukia ndani ya msimu wa korosho. Wa shule ya serikali halipi ada tangu 2016, ila huenda anatembea mwendo mrefu na darasa lake limejaa. Wa shule binafsi anajua ni kilo ngapi za korosho zilizopelekwa mnadani ili yeye akae darasani, na kila alama anayoikosa huihesabu kuwa deni. Mizigo ni tofauti, lakini wote wawili hawalali. Hata Sabato asubuhi daftari huweza kuingia kanisani, limefichwa ndani ya lesoni.

Wazazi hupenda kuwahimiza kwa Danieli 1:20, ile ya mara kumi. Aya ya 17, inayoeleza ni nani aliyewapa vijana wale maarifa, husomwa kwa nadra. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora. Barazani kwa majirani orodha ingali inasomwa, tena kwa majina ya watoto.

Eliya alipochoka hadi kuomba afe, malaika hakuanza kwa kumkemea. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Mara ya pili alikiri kwamba safari ilikuwa imezidi nguvu zake. Swali la Mungu lilikuja baadaye, kule Horebu, nabii akiwa ameshakula na kulala.

Jadilini: Mama ameuza korosho na kulipia masomo ya ziada ya Jumamosi, majuma mawili kabla ya mtihani. Kijana anataka kuitunza Sabato, lakini anaogopa kumvunja moyo mama yake. Kiongozi wa darasa amwambie nini kijana, na amwambie nini mama? Matokeo yakija na daraja sifuri, ni nani atakayekuwa wa kwanza kumpelekea kijana huyo chakula?